Gololi Mdomoni

Mdogo wangu ana miaka hamsini na tisa, na kwa miaka arobaini kazi yake imekuwa moja: kuchambua gololi. Fundi akifungua gurudumu la baiskeli na gololi zikaoshwa, yeye huzigawa katika makopo matatu: za gurudumu la mbele, za nyuma, za pedali. Hapimi. Huziviringisha kati ya vidole viwili tu, na sijawahi kumwona akikosea. Maneno yake hayafiki hamsini. Siku hizi hali yake ina jina, usonji, na kwenye cheti wameongeza ulemavu wa akili. Sisi tulisema tu yuko hivyo, tukampa kiti na makopo. Leo kila kitu kina jina, ila kiti hawakutolei.

Karakana niliianzisha mimi. Sasa ni ya mwanangu, ambaye gurudumu likilegea hulitupa akauza jipya. Kona ile ya kiti na makopo alimwachia baba yake mdogo kwa kuniheshimu mimi, si kwa kuihitaji kazi yake.

Mwaka huu mambo yakaharibika. Mdogo wangu akaanza kujipiga ngumi za kichwa. Akawa hatulii kitini, anazunguka meza, anasukuma sahani. Akamng'ata mteja aliyemgusa bega. Kisha mwanangu akamkuta na gololi mdomoni.

"Baba, sasa anakula vyuma."

"Hajameza."

"Akimeza je? Na yule mteja anataka kwenda polisi. Jumatatu nampeleka kwenye yale makao nje ya mji. Wana ukuta, wana wauguzi."

"Wana dawa za kumlaza mchana kutwa."

"Na sisi tuna nini? Una miaka sabini na nne, Baba. Akikusukuma mara moja, nitawauguza wawili."

Daktari tulikuwa tumeshamwona. Alimuuliza, "Unaumwa wapi, mzee?"

"Mzima."

"Tumbo?"

"Mzima."

"Kichwa?"

"Mzima."

Daktari akaandika kwamba ni tabia tu, na umri unazizidisha. Akatoa vidonge. Vikamfanya ayumbe kama mlevi, ila ngumi hazikukoma.

Hilo neno nilimfundisha mimi. Alipokuwa na miaka tisa, akijikwaa alisema "inauma" kutwa nzima, kama bomba lililoharibika, mpaka mama akawa anajificha jikoni kulia. Nikaamua kumtia adabu. Kila alipojibu "mzima" nilimpa gololi moja inayong'aa. Wiki haikuisha, "inauma" ikafutika kabisa. Nilijivuna. Enzi zetu mtu hakumwaga maumivu yake mbele za watu, na wageni walimsifu mtoto yule. Miaka hamsini sikuwahi kujiuliza yale maumivu yalikwenda wapi.

Ijumaa, zikiwa zimebaki siku tatu, nilikaa mbele yake tangu tulipofungua. Nikamtazama tu. Alichukua gololi mpya kutoka boksi lililokuwa sakafuni, penye ubaridi, akaiweka shavu la kushoto. Akayumba mbele na nyuma. Baadaye akaitema, akaifuta kwa shati, akaitia kwenye kopo la nne ambalo sikulijua, akachukua nyingine. Shavu lile lile. Nikaingiza kidole kwenye kopo la nne. Gololi ya juu ilikuwa na joto.

Nilimshika mkono, tukatoka bila kumuaga mtu.

"Usimuulize chochote," nilimwambia daktari wa meno, mama mmoja mnene mwenye miwani kichwani. "Atakudanganya, na aliyemfundisha ni mimi."

"Basi nisimuulize yeye, nikuulize wewe. Anapenda nini?"

"Chuma baridi."

Akaloweka kioo chake kidogo kwenye maji ya barafu, akampa akishike, akangoja. Mdogo wangu akakipeleka mwenyewe mdomoni. Mama yule akainama, akachungulia, akaacha utani.

"Jino la mwisho limeoza hadi mzizi. Hapa pana usaha wa miezi. Mtu mwingine angekuwa anagaagaa sakafuni, mzee."

Nikamwambia aligaagaa, na tukamfungia mlango.

Jino liling'olewa siku ile ile. Jumapili alikula sahani mbili.

"Kwa hiyo makao basi," nilimwambia mwanangu.

"Nakupa miezi mitatu, Baba. Akimng'ata mtu tena, usinizuie."

Hakunidhulumu. Mama yule wa meno amenionya kwamba mwili wa umri huu hauna tatizo moja: macho yachunguzwe, masikio, damu, viungo. Vidonge navyo tunavipunguza polepole, na siku nyingine bado anazunguka meza, nami nazunguka nyuma yake nisijue ni mazoea au ni kitu kingine kinachomla ndani. Kuuliza nimeacha. Kila asubuhi kabla ya kufungua namkalisha, namminya sehemu ndogo tu, nilianzia utosini, taratibu, huku nikitazama nyusi zake. Jana nilifika goti la kulia, akavuta mguu. Leo tunakwenda hospitali kulipiga picha. Kwenye ile miezi mitatu zimebaki wiki tisa, na bado sijafika kwenye nyayo.