Mtani Niliyemtoa Msibani

Nakumbuka siku ile tuliyomzika bibi yangu pale Zinga, na kila nikiikumbuka, mwanangu, hunijia aibu kwanza, kisha mshangao.

Babu yangu Heri sikumuwahi. Alikufa kabla sijazaliwa, na nyumbani habari zake zilikuwa mbili tu: kwamba alitoka bara, na kwamba waliomwosha maiti walikuta begani mwake sugu ngumu kama kwato. Jina la baba yake hakuna aliyelijua. Katika hitima zetu marehemu husomwa fulani bin fulani, lakini mwalimu alipofika kwake alisema "Heri" tu, akanyamaza kidogo, kama mtu anayeruka shimo. Nikimwuliza bibi, hunijibu, "Alitoka alikotoka, akafika hapa. Kanywe uji."

Ilikuwa miaka ya vita vya pili vya Wazungu, nami nasoma sekondari Dar es Salaam. Nilinunua daftari nikaandika ukoo wa bibi, vizazi sita. Ukurasa wa babu niliuacha mtupu, nikijiambia ipo siku nitaujaza.

Basi siku ya msiba tumeketi majamvini, nami nimekaa ubavuni mwa mwalimu wangu wa shule aliyetoka mjini kunipa pole. Akaingia mzee mmoja mrefu, Mnyamwezi wa Lugoba, jina lake Luhende. Hakusalimu. Alitwaa kanga ya bibi kambani, akajifunga, akatembea ameinama huku akikohoa kikohozi cha bibi hasa.

"Nani kagusa tui langu?" akauliza kwa sauti ya marehemu. Kisha kwa sauti yake: "Nyie Wazaramo mna haraka ya kumzika mzee wa watu mpate kula nazi zake. Hatoki mtu hapa. Nipeni jogoo, ama nalala kaburini mimi."

Ndani wanawake walicheka katikati ya kilio. Huenda wewe, mwanangu, hukuwahi kuuona utani wa msibani. Mnyamwezi na Mzaramo ni watani. Mtani ana ruhusa ya kumcheka maiti, na kicheko chake ndicho kitambaa cha machozi ya wafiwa. Hayo niliyajua vizuri. Lakini nilimtazama mwalimu wangu, nikaona tunaonekana washenzi. Niliinuka, nikamshika mzee yule mkono, nikamwambia, "Hapa pana msiba. Toka."

Aliacha utani palepale. Akaifungua kanga, akaikunja mara nne, akaniwekea mikononi.

"Bega umelirithi, mjukuu wa Heri," akasema. "Miguu bado."

Akaenda zake. 

Baada ya maziko baba yangu mkubwa aliniita pembeni. "Unamjua uliyemtoa?"

"Mtani wa bibi."

"Mtani wa bibi yako, na ndugu wa safari wa babu yako. Walikuja pwani pamoja vijana, katika msafara wa pembe za ndovu. Babu yako alimfunga kinywa, na mama yetu, kwa kukilinda kiapo hicho, akatukataza kuuliza maadamu yeye yu hai. Leo mama kaondoka, Luhende alikuwa huru kusema. Jina la baba yake Heri na kijiji chake anavijua yeye peke yake chini ya jua hili. Na wewe ndiye mwenye daftari." Akanitazama kwa huruma, iliyoniuma kuliko kofi. "Kesho nenda Lugoba ukamwombe radhi."

Sikwenda. Nilisema nitakwenda likizo. Likizo ikaja ikapita. Hasira ni hasara, mwanangu, lakini kiburi kinachoifuata hasira hukomba hata kilichosalia. Ilipita miaka miwili ndipo nikafunga safari.

Nilimkuta mkewe anamenya mihogo. Nikatoa shikamoo, nikajitaja.

"Marahaba. Umechelewa," akasema. "Ana miezi minne kaburini, nyuma ya shamba. Tuliwangoja watani wa Zinga waje kumcheka. Hakuja hata mmoja. Kazikwa kimya, kama mtu asiye na wenyewe."

Nilijua sababu. Jamaa zangu bila shaka walipata habari, wakaona haya kwenda, kwa ajili yangu mimi.

Nilisimama kaburini. Kisha nikasema, "Mzee Luhende, mvivu mkubwa wewe. Umetoka Unyamwezi kote kule, umefika Lugoba tu ukalala?"

Mjane akacheka mpaka akakaa chini. Akajifuta macho, akaniambia, "Jina la baba yake Heri kaenda nalo. Nililonalo ni hili, aliloniambia baada ya msiba wa Zinga."

Alinisimulia kwamba msafara ulifika Ruvu mto umefurika. Luhende ana homa, mkuu wa msafara kaamuru aachwe. Babu yangu akavusha pembe yake, akarudi. Akavusha ya Luhende, akarudi. Kisha akamvusha Luhende mwenyewe begani. Mara tano ndani ya maji yale, na mamba wakionekana. Walipofika ng'ambo akamwapiza asiseme. "Kisa hiki kikisimuliwa," alimwambia, "utabaki mtu wa kuvushwa maisha yako yote." Kwa hiyo safari yao yote wakaizika, na walikotoka pia, maana swali moja huvuta jingine.

Nikirudi nilisimama Ruvu. Kilikuwa kiangazi, maji yakifika magotini, na bado niliogopa kuyaingia. Nilijishika bega.

Majuto ni mjukuu, nami ndiye mjukuu mwenyewe. Ukurasa ule ni mtupu hadi leo. Lakini hitima ikisomwa, mwalimu akifika kwa Heri na kunyamaza, mimi katika kimya kile husikia maji.

Mwanangu, kuuliza si ujinga. Waulize wazee wako wangali hai. Ukikosea, nenda kesho yake, usingoje likizo. Na anayeingia msibani kwako akicheka, mpishe akae, kwani huenda amebeba jina la babu yako. Mungu akupe bega la kubeba wenzio, na miguu ya kurudi ulikokosea. Amin.