Daktari wa Mbegu na Ndama Asiyeshiba

Emily Nyamoita alikuwa amewapandisha ng'ombe wa Nyamarambe, huko Kisii, kwa miaka ishirini na sita kabla ya mtu yeyote kumwomba aigize katika filamu. Kazi yake ilijulikana kila boma. Ng'ombe akilia tangu alfajiri akitaka dume, mwenyewe hahangaiki tena kutafuta fahali wa jirani. Anampigia Emily simu. Naye huja na pikipiki yake, mtungi wa naitrojeni ya kugandishia mbegu umefungwa nyuma kwa mipira, akavaa glavu ndefu ya kufika begani, akamtia ng'ombe mbegu ya fahali ambaye pengine alishakufa zamani katika nchi asiyoijua. Watu wakamwita Daktari wa Mbegu. Wa karibu walimwita Mama Joash, kwa jina la kifungua mimba wake.

Alipoanza, wanaume walimcheka. Mwanamke na mkono ndani ya ng'ombe, wapi na wapi? Aliyemwita kwanza ni mjane mmoja, Nyaboke, ambaye hakuwa na fahali wala wa kumwazima. Ndama aliyezaliwa alikuwa mrefu, madoa meusi kwa meupe, na alipokuja kukamuliwa alitoa lita kumi na nane kwa siku, pale ambapo mama yake hakupita tano. Vicheko vikapungua. Havikuisha, lakini vilipungua kiasi cha mtu kufanya kazi yake.

Basi Jumapili moja, mvua za masika zikiwa zimekatika, walifika kwake vijana wawili kutoka Kisii mjini. Mmoja alikuwa Istarlin, binti wa mfanyabiashara wa vitambaa, aliyezaliwa mjini hapo na kukulia hapo, akasomea utengenezaji wa filamu Nairobi na kurudi. Mwenzake alikuwa Mose, muuzaji wa makoti ya mitumba pale soko la Daraja Mbili, fundi wa kushona kitu chochote kinachoshonika.

"Bwakire, Mama Daktari," Istarlin alisalimu.

"Bwakire buya, mwanangu. Mna ng'ombe?"

"Hatuna ng'ombe. Tuna zimwi."

Wakamweleza. Walikuwa wanatengeneza filamu ya kutisha. Mwanasayansi mmoja, katika maabara ya siri milimani, anachanganya chembe za urithi za ndama na za siafu ili apate mnyama wa kukua upesi. Ndama anakua kweli, ila hashibi. Anamaliza maziwa, anamaliza ng'ombe wenzake, mwishowe anawageukia wakamuaji. Mose alikuwa ameshashona lile zimwi kwa makoti ya ngozi thelathini na moja, na ndani yake walienea watu wawili. Kilichokosekana ni moshi wa maabara. Walikuwa wamesikia kwamba Emily akifungua mtungi wake, hutoka moshi mweupe unaotambaa chini kama ukungu.

Emily alicheka hadi akajifuta macho kwa leso. Kisha akaomba karatasi za hadithi yenyewe, akaketi kwenye kigoda chake cha kukamulia, akasoma zote huku wageni wakinywa chai. Alipomaliza hakuwa anacheka.

"Huyu mwanasayansi wenu ni kichaa kwa sababu gani?"

Istarlin akatazamana na Mose. "Ndivyo wanavyokuwa kwenye sinema, Mama."

"Mimi nimeshika mbegu miaka yote hii. Sijakutana na kichaa hata mmoja. Nimewaona wanaokosea, na nimewaona wanaoficha. Hao wa kuficha ndio wa kuogopwa."

Na hapo, kwa vijana asiowajua, akasimulia jambo ambalo kwa miaka mingi hakulitaja hata kanisani kwake.

Mwaka wa kumi na moja wa kazi yake alipokea mirija ya mbegu, akaitumia kwa haraka bila kulinganisha namba ya fahali na orodha yake ya zamani. Fahali yule alikuwa ameshamtumia miaka ya nyuma. Akawa amewapandisha ng'ombe watatu kwa mbegu ya baba yao wenyewe. Ndama watatu walizaliwa dhaifu, mmoja miguu imepinda, hakuwahi kusimama. Wenye ng'ombe walisema ni kazi ya Mungu. Wengine walimshuku jirani mwenye kijicho. Hakuna aliyemshuku Emily, na angeweza kunyamaza hadi leo.

"Ulinyamaza?" Istarlin aliuliza.

"Nilikwenda lango kwa lango. Nikawaambia, ndama wako amekuwa hivi kwa sababu yangu. Wa kwanza alinipa kiti. Wa pili alilia. Wa tatu, Omosa, aliniambia nisikanyage tena boma lake, akawaambia na ndugu zake. Upande ule wote wa mlima nilikaa miaka miwili bila kuitwa."

Mose alikuwa ameweka kikombe chini.

"Sasa mkitaka moshi wangu," Emily akaendelea, akiwarudishia karatasi, "mwanasayansi asiliwe na zimwi ukurasa wa mwisho halafu mambo yakaisha. Mwacheni hai. Aende kwa watu aseme."

"Lakini Mama, hofu itakuwa wapi?" Istarlin aliuliza.

"Mwanangu, hujawahi kubisha lango kama lile."

Istarlin aliandika upya nusu ya hadithi. Baada ya wiki tatu akarudi na ombi lingine: hakuna mwigizaji mjini aliyeweza kusema maneno yale bila kuyatia chumvi, je, Mama Daktari angekubali kuwa huyo mwanasayansi? Emily alifikiri siku mbili. Mumewe, mtu wa maneno machache, alimwambia tu kwamba glavu anayo tayari. Akakubali kwa sharti moja: siku ya Sabato haigizi.

Maabara ilikuwa kiwanda cha kahawa kilichofungwa zamani, kuta zake zimeota kuvu hadi hapakuhitajika rangi. Siku ya moshi Emily ndiye aliyeamuru kila mtu. Alifungua madirisha yote, akawasimamisha vijana mbali, akawaambia baridi ile inachoma kuliko moto na kwenye chumba kilichofungwa inamaliza pumzi ya mtu bila hata kunuka. Kisha akamimina masazo ya mtungi kwenye beseni. Ukungu ukajaa sakafuni, ukazunguka miguu ya meza, ukatoka mlangoni. Istarlin alisahau kusema neno la kuanza. Bahati nzuri kamera ilikuwa inanasa.

Kulikuwa na mahali Emily alipokataa kabisa. Walitaka mwanasayansi ashike mrija wa mbegu kwa vidole vitupu. "Kila mpandishaji wa Kisii na Nyamira ataona," alisema, "na atajua sijui kazi." Wakaenda kutafuta kibanio.

Filamu ilionyeshwa mwaka uliofuata, Jumapili alasiri, katika ukumbi wa soko la Nyamarambe. Mapazia ya madirishani yaliazimwa kutoka kanisa la Kikatoliki, na babake Istarlin alileta vitambaa vyeusi vya kuziba matundu ya mabati. Watu walijaa hadi wengine wakakaa juu ya kreti za soda. Zimwi la Mose lilipotokea migombani, wanawake walishikana mikono, wazee wakajifanya wanakohoa. Lilipommeza mkamuaji, mtu mmoja alitoka nje, akarudi baadaye akisema alikwenda kuangalia pikipiki.

Kisha kikafika kipande cha lango. Mchana mweupe, hakuna muziki. Mwanasayansi anasimama mbele ya lango la mbao, anainua mkono kubisha, anaushusha, anauinua tena. Mama mmoja anafungua, ana ndoo mkononi. "Mnyama aliyemuua mwanao," anasema mwanasayansi, "mimi ndiye niliyemtengeneza. Niliona tangu mwezi wa kwanza kwamba hayuko sawa, nikaandika yuko sawa." Mama anamtazama. Ndoo haianguki. Inakaa tu mkononi, na kamera inakaa nayo.

Safari hii hakuna aliyejifanya anakohoa. Emily, aliyeketi safu ya nyuma na mumewe, alijitazama ukutani akaona kwamba uso ule haukuwa unaigiza.

Taa zilipowashwa, kijana mmoja alisimama akauliza, nusu mzaha, kama ng'ombe wao nao wana siafu ndani, maana mbegu ni za huyohuyo. Watu wakaguna na kucheka. Hakikuwa kicheko kitupu. Emily alisikia hofu ndani ya kicheko kile, akajua kwamba kesho simu inaweza isilie. Akaanza kuinuka, lakini kuna aliyemtangulia.

Ni Omosa, fimbo mkononi, mvi kichwa kizima.

"Lile lango la kwenye filamu," alisema, "lilikuwa langu."

Akaeleza habari ya ndama aliyeshindwa kusimama. Hakupamba. Alisema alimfukuza huyu mama, akamwita mpandishaji mwingine, na mwingine tena baada yake. Wote wawili mambo yaliwaharibikia wakati fulani, wala hakuna aliyerudi kumwambia kitu. Alijionea mwenyewe zizini. "Sijasema nimemsamehe," akaongeza. "Yule ndama alikuwa wa karo ya mtoto. Lakini kijana, ukiuliza kama kuna kitu kibaya ndani ya ng'ombe wako, huyu ndiye atakayekuambia. Keti."

Kijana akaketi. Emily alibaki amesimama, asijue mikono aiweke wapi. Mwishowe akasema, "Asante, Baba. Maswali ya mbegu niulizeni, nitajibu yote." Na wakamuuliza, hadi mwenye ukumbi akaja kudai ufunguo. Waliuliza ni vipi fahali aliyekufa anazaa, ndama wa kike anapatikanaje, jeni ni kitu cha kushikika au la. Akawaeleza kwa Ekegusii, lugha yao ya nyumbani, akichora ukutani kwa chaki mistari ya ukoo wa ng'ombe kama ukoo wa watu, akiwaonyesha ni kwa nini binti hapewi baba yake.

Wiki hiyo simu ililia zaidi ya kawaida. Filamu ikaenda kuonyeshwa Keroka, kisha Nyamira mjini, kisha Kisumu, na kila ilikokwenda Istarlin aliandika jina la Emily mara mbili mwishoni, kama mwigizaji na kama mshauri wa sayansi. Chuo kimoja cha mifugo kilimwomba aje azungumze na wanafunzi. Alikuta wasichana tisa darasani, watatu wakiwa wameshanunua glavu zao wenyewe. Mmoja aliinua mkono kuuliza kama ni kweli ni yeye yule wa kwenye filamu.

"Ni mimi," Emily alisema, akakunja mkono wa koti lake. "Sasa twendeni zizini. Ng'ombe hasubiri."