Kilima cha Wapika Chumvi

Jirani yangu Thirza Dowse alizaliwa kwenye matope haya ya pwani ya Lincolnshire, Uingereza. Shambani kwao palikuwa na kilima cha udongo na majivu, yaliyoachwa na wapika chumvi wa zamani waliochemsha maji ya bahari. Bahari ikifurika, kondoo walikikimbilia wenyewe. Mumewe Hesketh, mwenye kichwa kigumu, akakisawazisha apande ngano.

"Na kondoo je, mzee?" Thirza alimuuliza.

"Acha wasiwasi, mama. Kondoo si wajinga, wanajua pa kwenda."

Januari bahari ikafurika. Maji yalipopungua tukawakuta kondoo wamekufa, wamebanana palepale kilima kilipokuwa. Mimi nilimtukana Hesketh. Thirza hakulia.

"Kweli walijua," alisema, akaingia ndani kubandika chai.