Kiraka cha Moyo cha Profesa

Ukitaka kujua nani aliiendesha maabara ile, usingemtazama Profesa. Profesa aliendesha mdomo. Mashine iliendeshwa na mwanamke mmoja mnene, mtaratibu, ambaye kila mtu alimwita Mama Joto, hata mumewe akitaka kumchokoza.

Kazi yenyewe ilikuwa kuchapa viraka vya moyo. Mashine ilibeba bomba la sindano lenye jeli iliyojaa seli hai, ikaidondosha mstari juu ya mstari, na katikati ikapitisha nyaya nyembamba kuliko unywele, za kupeleka umeme ili kiraka kidunde. Jeli ile ina deko. Ikipoa inaganda, ikipata moto seli zinaiva. Kwa hiyo, kabla ya kulifunga bomba kwenye mashine, Mama Joto aliliweka shavuni, akafumba macho, akasubiri. Kipimajoto kilikuwapo, lakini miaka kumi na tisa shavu halikuwahi kumwangusha. Aliingia mle kama mfagiaji, akajifunza kwa kuwatazama wenye shahada wakiharibu.

"Mke wangu anabembeleza uji," mumewe aliwaambia majirani. "Mimi mwenyewe shavu hilo silipati!"

Mwezi ule mkataba wake ulikuwa unakwisha, na wa kuutia saini alikuwa Profesa. Fomu ilikaa mezani kwake wiki mbili. "Tumalize kwanza ugeni, mama," alisema. Ugeni! Wakubwa wanane waje kuona kiraka kikichapwa mbele ya macho yao, kesho yake kishonewe kwenye moyo wa kondoo. Seli zake Mama Joto alizilea wiki sita, akizibadilishia chakula hata Jumapili.

Siku yenyewe wageni waliingia na suti nzito, wakaanza kujipepea kwa makabrasha. Profesa, kwa kiherehere chake, akaongeza baridi ya kiyoyozi mpaka mwisho.

"Profesa, jeli itaganda," Mama Joto alinong'ona.

"Wageni wanatoka jasho, mama. Jeli haina mdomo wa kulalamika."

Ikaganda. Sindano ikaziba, mashine ikakwama, wageni wakatazamana. Kumbe Profesa, bwana mkubwa aliyeandika vitabu viwili kuhusu mashine ile, alijua dawa moja tu: kusukuma. Akaongeza presha mara tatu. Jeli ikatoka, ndiyo, ikifinywa tunduni, na seli zikafinywa nayo. Kiraka kikawa kizuri, kimenyooka, mistari safi. Wageni wakapiga makofi.

Mama Joto alijua presha ile haiachi seli hai. Wiki sita jamani!

"Sasa umeme!" Profesa akabonyeza, mawimbi yakacheza kwenye skrini. Umeme ule ungecheza hata ukipitishwa kwenye dekio bichi. Akamsogelea Mama Joto, meno nje kwa ajili ya wageni, sauti chini. "Kile kipimo cha rangi cha kukagua seli leo tukiache. Wewe andika kiraka ni kizima. Jioni nasaini fomu yako."

Mama Joto akaiangalia kalamu. Unga ungemwagika hivi hivi, baada ya miaka kumi na tisa. Halafu akamwaza yule kondoo, ambaye hakuwa na kosa lolote ila kuishi karibu na Profesa, akipasuliwa kifua ili ashonewe maiti. Hasira zikampanda.

Profesa alikuwa bado anapigwa picha, kidevu juu, wakati Mama Joto alipokata kipande, akakitia rangi, akangoja dakika zake, akakiweka chini ya hadubini na kuwasha skrini kubwa ya ukutani. Ukuta mzima ukawa mwekundu.

"Lo! Inapendeza!" mgeni mmoja akasema. Makofi tena.

"Nyekundu ndiyo nini?" akauliza bibi mmoja wa nyuma.

"Hiyo ni dalili ya..." Profesa alianza.

"Ni seli zilizokufa," Mama Joto akasema. "Zilizo hai huwa kijani."

Bibi akatafuta kijani ukutani, kona hadi kona. Wenzake nao wakatafuta. Makofi yakaisha moja moja.

Fomu haikutiwa saini. Kondoo yupo, anakula majani. Profesa naye bado anapokea wageni, bado anapigiwa makofi. Katika maabara nzima amerekebisha kitu kimoja tu: amechomoa waya unaotoka kwenye hadubini kwenda ukutani.