Mende wa Mama Tsonka

Mama mkwe wangu Tsonka alikuwa mwanamke safi, na usafi huo ndio ulionivunjia ndoa.

Alifanya kazi kiwanda cha vioo cha mji wa Pernik tangu usichana. Mume alimfia mapema, akamlea peke yake mwanawe Veselin kwenye nyumba ya ghorofa ya nne. Jirani akimtembelea, alisubiri aondoke kisha akasugua kitasa. Mimi niliingia humo kama mke wa Veselin, nikitoka kijijini na sanduku langu la shuka.

Masika yale mzee Kolyo, msimamizi wa ngazi yetu, alipita mlango kwa mlango. Desturi yetu ni kwamba nyumba zote zinazopandiwa ngazi moja huweka sumu ya mende Jumamosi moja, unga wa sumu uliokandwa na kiini cha yai. Mende wakifukuzwa nyumba moja hufuata mabomba na kuhamia kwa jirani.

"Mama Veselin, na wewe utaweka?"

"Niweke nini? Kwangu hakuna mdudu. Kawaambie wachafu wako."

"Haya, malkia. Mende wakija kukusalimia usiniite."

Wote waliweka isipokuwa sisi. Wiki haikuisha, nikasogeza friji nifagie, nikawakuta wamejazana penye joto la mota: wadogo, rangi ya kahawia, michirizi miwili myeusi nyuma ya kichwa. Majike walikuwa wakitembea na vifuko vya mayai mkiani.

Mama Tsonka alipiga kelele mpaka majirani wakajaa mlangoni.

"Ni sanduku lako! Umetuletea mende wa kijijini!"

"Mama, wa kwetu ni weusi, wakubwa, wazito. Wanakaa chini ya nyumba penye unyevu, ukuta laini hawaupandi. Hawa wanapenda joto, wametoka mabombani. Tazama hii michirizi."

"Msikieni! Anawajua kama shangazi zake!"

Majirani walicheka. Veselin naye akacheka. Mende sikuwaogopa, ila kicheko kile kilinikata.

"Veselin, si useme kitu?"

"Nenda kwenu kidogo, mpaka mama atulie."

Nilikwenda. Mama hakutulia, na Veselin hakunifuata. Vuli ilipoingia akaleta talaka. Kijijini walisema nimefukuzwa kwa uchafu, na neno kama hilo halimtoki mwanamke. Sikuolewa tena.

Mwaka jana Mama Tsonka aliniita. Kisukari kilikuwa kimemla mguu. Nilipofika, Veselin alikuwa mezani na mke wake wa pili.

"Zdravka," Mama Tsonka akaniambia, "niliona mende kabla ya harusi yenu. Mmoja, nyuma ya jiko. Nikamponda, nikanyamaza."

"Ungesema, mama. Tungeweka sumu na wenzetu, yakaisha."

"Na majirani wangesema nini?"

Hata siku ile bado aliwaogopa majirani, ambao nusu yao walikuwa wamekwisha kuzikwa. Nilimtazama Veselin. Nilitaka aseme kitu, chochote, hata uongo. Alikuwa akizungusha kikombe chake juu ya kisahani.

Mkewe, mwanamke mpole, aliniuliza kama nitakunywa kahawa. Nikasema basi langu linaondoka. Halikuwa likiondoka. Nilikaa kituoni hadi jioni, nikifikiria watoto ambao ningewazaa katika nyumba ile.