Nusu ya Pili ya Tuni ya Mzee

Mzee yule wa Kiayalandi hakuwa ndugu yangu kwa lolote. Nilikuwa namuogesha na kumlisha katika nyumba ya wazee kule St Marys, basi. Lakini siku aliponikuta mapumzikoni nikijifunza kupuliza filimbi ya bati, aliniita, akaniambia ana tuni ya mama yake ambayo Sydney nzima hakuna mwingine anayeijua. Angenipa mimi. Kuirekodi alikataa katakata: tuni hutoka mdomoni ikaingia sikioni, si kwenye simu.

Akawa ananiimbia bila maneno, mimi nafuata. Tuni zao zina nusu mbili. Unapiga ya kwanza mara mbili, halafu unageuza. Ya pili alininyima mpaka ya kwanza ikae. Nami mtoto wa kwaya sikuweza kuacha kuipamba. Kila nikiongeza madoido ya kanisani, alipiga kiganja kwenye mkono wa kiti: "Hapana! Mwanzo!" Mkali kama pilipili, na mimi si mpole, tuliwahi kununiana kwa ajili ya noti moja.

Kisha kiharusi kikamnyang'anya ulimi na sauti.

Nilichanganyikiwa. Jumapili, baada ya ibada, nilipanda treni mpaka baa moja ambako Waayalandi na wenzao hukaa duara wakapiga muziki pamoja. Desturi yao, mmoja huanzisha, na anayeijua tuni hudakia. Nikaanzisha. Hakudakia mtu. Nilipofika pa kugeuza nikarudi mwanzo, nikarudi tena, nikiwatazama usoni mmoja mmoja kama mwombaji. Mama mmoja aliyekuwa akipiga fidla akashusha upinde.

"Nzuri sana," akasema. "Inaendeleaje?"

Ningejua, ningefuata nini pale? Nililia mbele za watu wala sikuona haya.

Mfa maji haachi kutapatapa. Mzee yule hakuwahi kuvumilia kosa, basi ningekosea makusudi. Nilitunga nusu ya pili ya ovyo, nikaichanganya na pambio la kwetu. Kama ile ya kweli bado alikuwa nayo kichwani, asingestahimili. Angenirekebisha kwa kidole, kwa guno, kwa chochote, nami ningeokota japo noti tatu.

Mwenzangu Mkongo alikuwa anatandika kitanda, mzee ameketi kitini. "Dada, acha papa arepoze, apumzike. Iko fatigué sana, nguvu hana."

"Wacha nijaribu tu, please. Shift yangu imeisha."

Nikapiga nusu ya kwanza mara mbili. Nikageuza. Nikapuliza uchafu wangu wote, madoido juu ya madoido, macho yangu kwenye kile kiganja. Kikanyanyuka. Piga, baba, nikamwomba kimoyomoyo, nikasirikie, piga!

Kikashuka polepole gotini, kikaanza kufuata mapigo, naye mzee akanitazama na kutabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, ameridhika kabisa.