Gunzi Kwenye Bomba la Pikapu

Harufu ya oili inayoungua juu ya makaa hunirudisha Mahongole, kwenye nyumba yetu pale Makambako, mwezi wa Juni nikiwa na miaka tisa. Kwetu Juni haina mzaha. Maji ya kwenye ndoo hukata vidole, na oili ya gari hulala nzito kama asali. Ndiyo maana baba, kama wenye magari wengine wa huko, hakuwasha pikapu yake kuukuu kabla ya kuiwekea jiko la mkaa chini ya injini. Kulikoleza jiko na kulisogeza ilikuwa kazi yangu, kwa sababu nilikuwa mwembamba na nilipita chini ya gari bila kuchafua gauni. Nilijiona mtu muhimu sana.

Niseme mapema nilichokifanya, nisije nikajifanya shahidi tu. Asubuhi moja gari likiunguruma, niliona bomba linaloning'inia ubavuni mwa injini likitoa mvuke mweupe. Nyumbani kila Juni watoto tulipewa vitambaa tuzibe nyufa za madirisha, bibi asipigwe na baridi. Nikaona injini nayo inapoteza joto lake. Gari lilipozimwa nikachukua gunzi la mahindi, nikalizungushia kipande cha mkono wa sweta langu la shule, la kijani, ambao ulikuwa umekwisha kuchanika, nikalisindilia ndani ya bomba kwa kijiti mpaka lisionekane. Kesho yake hapakuwa na mvuke. Nilitembea kutwa nzima nikijisifu moyoni.

Haikupita wiki, oili ikaanza kudondokea makaa. Tone moja likashika moto, mama akapiga kelele, na baba akalivuta jiko kwa mguu huku kiatu kikifuka moshi. Akaitwa fundi Nyagawa, mtu mpole aliyeimba besi kwenye kwaya ya usharika wetu. Akafungua sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, akaweka gasketi mpya. Siku chache baadaye oili ikatokea juu, chini ya kifuniko cha injini. Akabadilisha gasketi ya huko pia. Ikatokea nyuma, kwenye sili, ule mpira wa kuzuia oili. Baba akaanza kusema kwamba Nyagawa anamkatia gasketi za maboksi. Baba alikuwa mzee wa kanisa, na neno lake lilitembea kuliko yeye mwenyewe. Karibu magari yote aliyotengeneza Nyagawa yalikuwa ya watu wa usharika ule, na akikosa hayo hakuwa na kazi nyingine.

Siku aliyokuja kubadilisha sili nilimsikia akimwambia baba, huku akifuta mikono, "Injini nayo inapumua, mzee, kama sisi tu." Akainama akalitazama lile bomba, akaona mdomo wake uko wazi, akaendelea na kazi. Hapo ndipo nilipoelewa nilichokifanya. Alipoondoka niliingia chini ya gari na waya, nikachokoa mpaka vidole vikachubuka, lakini gunzi lilikuwa limevimba kwa oili na halikusogea hata kidogo. Ningeweza kusema. Baba hakuwa mtu wa fimbo. Alikuwa mtu wa kununa, na kununa kwake niliogopa kuliko fimbo, hivyo nikanyamaza huku nikisikia jina la Nyagawa likichafuliwa mezani kila tulipokula.

Jumamosi iliyofuata baba aliwaita wazee wenzake wawili wa kanisa waje kushuhudia. Leo, alisema, ama fundi aonyeshe panapovuja, ama usharika wote ujue yeye ni fundi wa namna gani. Nyagawa alifika na sanduku lake la spana. "Kamwene," alisalimu, na baba akaitikia akiangalia pembeni. Fundi akaosha injini kwa maji ya moto na sabuni ya unga, akaikausha, kisha akamwomba mama unga wa sembe na chujio. Akaichungia injini unga taratibu mpaka ikawa nyeupe pande zote.

"Unga utakapolowa, hapo ndipo penyewe," alisema. "Washa, mzee. Kanyaga kidogo."

Tulisimama tumekodoa macho. Unga ukalowa juu. Ukalowa mbele. Ukalowa nyuma. Halafu stiki ya kupimia oili ikaanza kupanda yenyewe kutoka kwenye tundu lake. Baba akazima gari, akashuka.

"Mmejionea wenyewe," aliwaambia wenzake. "Anaziba huku, kunaachia kule."

Nyagawa alikuwa akiitazama ile stiki. "Hii oili haivuji, mzee," alisema mwishowe. "Inasukumwa."

Akajilaza chini, akaingia chini ya gari na waya mrefu uliopindwa ncha. Mimi nilikuwa kwenye mlango wa jikoni kwa mama, nimevaa sweta la kijani lenye mkono mmoja mzima. Nilisikia waya ukikwaruza, kisha mlio mdogo, kama kizibo kikitoka chupani. Alijitokeza amepiga magoti, gunzi kiganjani, akakikunjua kwa kidole gumba kile kitambaa kilicholigeuka jeusi kwa oili, mpaka ukijani ukaonekana. Akainua macho, akanitazama mkono wangu uliokuwa wazi, kisha akafumba ngumi.

"Panya," alisema. "Wamejaza takataka kwenye bomba la kupumulia."

Nikauficha mkono ule nyuma ya mgongo. Baba aliitazama ngumi ile kwa muda. "Fundi gani huyo anayeshindwa na panya mwezi mzima?" akauliza, na wazee wenzake wakacheka. Pikapu haikuvuja tena. Lakini kicheko kile kilifika kanisani kabla ya ibada ya Jumapili, na magari yakapungua kwa Nyagawa moja baada ya jingine. Kabla ya Krismasi alipakia spana zake, akahamia Iwawa, kule Makete, kutengeneza magari ya kubeba viazi. Hakuna aliyemsindikiza kutoka nyumbani kwetu.

Gari langu la sasa huwasha taa oili ikipungua, na fundi huchomeka kompyuta na kusoma kosa bila kuchafua mikono. Hakuna anayeomba unga. Juni iliyopita nilikwenda kumwona baba, ambaye siku hizi jiko huwekwa miguuni pake, nikamweleza yote. Alichokoa makaa kwa muda mrefu.

"Lile sweta nilikununulia mimi," alisema. "Uzi wake ulimtokea Nyagawa katikati ya vidole siku ile. Niliuona."

Nilipandwa na hasira, ikanipita, nikabaki na aibu yetu wote wawili. "Kwa nini hukusema, baba?"

"Mbele ya wale wazee?"

Baadaye baba akatafuta fimbo yake, akasimama kwa shida, akaniambia nikawashe gari, twende kwa Nyagawa. Nikamwambia Iwawa ni mbali, na baridi ya Makete inazidi hata yetu.

"Najua," alisema. "Chukua sweta."